Siku Saba za Somo Mwamvua

Bi Mwamvua wa Chumbageni amesugua maharusi mia na kitu kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa na maua, na anasema hajapata kuharibu hata mmoja. Kazi yenyewe ni ya kifungo. Somo, yaani kungwi, huingia chumbani na mwari siku saba kabla ya harusi, mapazia yakashushwa, na hakuna anayetoka mpaka siku yenyewe, mmoja aking'aa na mwingine hoi.

Kwa Tuhfa, binti wa Bi Hasina, siku ya pili kilitokea kidonda chini ya pua. Mwamvua alisema ni joto, akazidisha singo. Siku ya tatu vilikuwa saba, vimeganda gamba la rangi ya asali. Bi Hasina akasema ni husuda, akamtaja na jirani aliyemshuku. Mwamvua aliafiki haraka kuliko kawaida yake. Wiki iliyotangulia alikuwa akimwosha mjukuu wake vidonda vya namna hiyo hiyo, na sasa kimoja kilimwasha yeye mwenyewe chini ya bangili.

Kunyamaza kungeokoa jina lake. Kungempeleka pia Tuhfa ukumbini na uso ule. Siku ya nne asubuhi akampigia simu Consolata, tabibu wa zahanati, aje kwa mlango wa uani.

Consolata alitazama tu, akasema ni bakteria wa ngozi, huhama kwa kugusana na kwa taulo. Singo ikome. Magamba yalainishwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ipakwe dawa ya tyubu, na vidonge vimezwe mpaka viishe hata uso ukipona. Kisha akauliza nani mwingine ana vidonda hivyo.

Mwamvua alivua bangili. "Ni mimi niliyemwambukiza, Bi Hasina. Niache niende zangu."

"Uende wapi, Bi Mwamvua? Somo akitoka siku ya nne, mtaa mzima utauliza mwari ana nini. Utakaa. Ila mwanangu humgusi."

Consolata alieleza kwamba baada ya siku mbili za dawa Mwamvua hataambukiza tena. Hakusikilizwa.

Basi Mwamvua akakaa mkekani, mikono mapajani, akimeza vidonge saa zile zile na Tuhfa, kila mtu na taulo lake. Tuhfa alijipaka dawa mwenyewe mbele ya kioo.

"Somo, na wewe umewekwa ndani kama mwari," alisema.

Mwamvua alimwambia asilibandue gamba, aliache lilainike kwanza.