Kata ya Bibi na Kitabu cha Mgeni

Enzi zetu, kabla Mjerumani hajapandisha bendera yake Bagamoyo, mtoto wa kike alijua kusuka ukili wa mkeka kabla hajajua kufunga nguo yake ikakaa. Ukindu ukikuchana kidole, unanyonya damu unaendelea. Wajukuu zangu wa leo wakichomwa na mwiba nyumba nzima hailali.

Asubuhi tulikuwa chuoni, tunasoma Kurani huku jicho moja liko kwenye bakora ya mwalimu. Alasiri tulijazana uani kwa Bibi yangu, hapo mtaani Dunda, tukicheza mdako kwa vijiwe na kutafuna makopa ya muhogo ya kuchemsha, na harufu ya ukindu uliolowekwa imetujaa puani. Bibi hakupenda kimya. Alikuwa akisema mkono usuke na mdomo useme, hakuna wa kumngoja mwenziwe.

Uani hapo ndipo alipotukuta Mzungu mmoja mrefu, mwenye daftari, aliyekuwa akikusanya maneno yetu ayatie kitabuni. Kiswahili chake kilieleweka, ila salamu alizirukia kama mtu arukaye dimbwi. Bibi alimvumilia, akampa maji na maneno bila kumdai kitu. Mimi nilimpenda hasa, maana aliniuliza hata mimi, mtoto, na nililosema akaliandika. Nyumbani kwetu nani aliwahi kuniuliza jambo?

Siku moja akauliza kata ni nini. Bibi akamwonyesha kifuu chenye mpini tunachochotea maji. Mgeni akaandika, akafunga daftari. Bibi akamwambia bado: hata lile duara la kitambaa tunaloweka kichwani chini ya mtungi ni kata, na tena mtu hukata kiu, hukata shauri, hukata tamaa, na mwisho wa yote hukata roho. Mgeni akacheka, akasema moja latosha. Kisha, ili atufurahishe, akafungua kitabu cha kwao kwenye neno la Kiingereza ambalo alisema hata wenyewe wengi hawalijui sawasawa: thwart. Alilitamka kama mtu aliyeungua ulimi kwa uji. Ni ubao wa kukalia mpiga makasia, ni kumzuia mtu asipate alitakalo, ni kukingama njiani, na mengine nimeyasahau. Kila maana ilikuwa na Kihispania chake pembeni, kwa kuwa mama yake ni wa huko. Ule ubao, alisema, ni bancada. Neno hilo moja lilijaza ukurasa mzima.

Bibi akaacha kusuka. "Neno lenu lina ukurasa, letu lina mstari?"

"Lugha yenu ni nyepesi, bibi," akajibu, kwa upole kabisa.

Bibi hakumgombeza. Alimpa maji, kwani mgeni ni mgeni, kisha akaifudikiza kata juu ya mtungi. Wanawake wote waliokuwapo walielewa kwamba mtu huyu amesusiwa. Tangu siku hiyo, kila alichouliza mtaani alijibiwa ni kitu. Kisu ni kitu, papa mkavu ni kitu, paka naye kitu. Sisi watoto tulionywa kwamba atakayempa neno moja asikanyage tena uani pale.

Siku moja mgeni akanikuta natoka kisimani. Alikuwa amekonda, naapa. Akaionyesha ile kata kichwani pangu, akanisihi nimtajie tena maana zake. Nilitamani sana kuulizwa tena, na uani kwa Bibi ndiko kulikokuwa dunia yangu yote. Nikaona kwamba nikisema neno nimeukosa ua, na nikinyamaza nimemkosa yeye. Nikamwambia, "Kamuulize Bibi. Lakini umwamkie kwanza." Kisha nikakimbia, maji yananimwagikia mgongoni.

Jioni ile akaja, akavua viatu, akainama. "Shikamoo, bibi."

Bibi akauweka ukili chini. Mimi nilijificha nyuma ya mtungi.

"Marahaba. Keti."

Akaketi mkekani, akaandika kata mpaka karibu na Magharibi, na ukurasa ukajaa. Nilifikiri tumeshinda.

Bibi alikata kauli Alhamisi moja, asiweze kusema tena, Ijumaa akakata roho, na ule ua sasa una nyumba ya bati. Siku hizi watoto wanatafuta maana ya maneno ya mama zao kwenye karatasi. Juzi mjukuu wangu Zuhura alirudi na kitabu cha maneno cha shule. Macho yangu ni mabovu, nikamwomba anisomee kata. Akasoma: kifuu cha kuchotea maji. Nikamwambia aendelee. Akasema basi, limekwisha. Ule ukurasa wa mgeni haukuwamo.

Lilinikata maini. Nikamwagiza alete kalamu, aandike pembeni nitakayomtajia, yote.

"Kitabu cha shule hakiandikwi, bibi. Mwalimu atanichapa."

"Mwambie aje anichape mimi," nikasema. "Lakini aniamkie kwanza. Haya, andika."