Kihispania cha Mjomba

Mjomba wangu aliimba kwa Kihispania maisha yake yote, na pale kijijini Hombolo hakuna aliyewahi kumbishia. Ujana wake ulipitia kwenye bendi ya dansi mjini Dodoma. Alipuliza tarumbeta na kuimba nyimbo za Kuba walizozishika kwa kusikiliza santuri: cha-cha-cha, bolero, na zile ndefu ambazo mpiga gitaa huachiwa uwanja peke yake. Bendi ilipovunjika akarudi kulima zabibu. Meno ya mbele yakang'oka, tarumbeta ikamshinda, ikabaki sauti. Asubuhi akipogoa mizabibu ulimsikia tangu barabarani.

"Msimjali," shangazi, mkewe, aliwaambia wageni. "Anaongea na Wakuba wake."

Mimi ni karani serikalini mjini. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimwekea kwenye simu nyimbo za Kihispania za siku hizi. Bachata aliipenda. "Huyu analia kistaarabu," alisema. Regetoni aliisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu tu, kisha akauliza, "Mdundo upo. Wapulizaji wamekwenda wapi?"

Basi niliposikia bendi kutoka Kuba inakuja kupiga kwenye ukumbi wa chuo kikuu mjini, sikulala kwa furaha. Nilizungumza na daktari mmoja aliyesomea udaktari hukohuko Kuba, ambaye ndiye angekuwa mkalimani wao. Akasema nimlete mzee mchana, wakati wa mazoezi, apate kukaa nao kwa utulivu.

Mjomba alikuja na suti ya kijivu ya enzi za bendi, imemlegea mabegani. Wanamuziki walikuwa vijana, umri wa wajukuu zake. Walimpokea vizuri mno. Mpiga tarumbeta akampa chombo chake akishike, naye mjomba akakigeuzageuza, akabonyeza vitufe, akakirudisha bila kukiweka mdomoni. Kisha wakamwomba aimbe.

Akaimba bolero. Mpiga piano aliutambua wimbo mara moja, akamfuata, na besi ikaingia. Sauti ya mjomba ilijaa ule ukumbi mtupu. Nilijivuna mpaka machozi yakanilenga. Niliona vijana wakitazamana wakitabasamu, nikadhani ni kwa uzuri wa sauti ile.

Alipomaliza walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Yule mpiga piano akamwambia daktari kitu. Daktari akasitasita.

"Anasemaje?" mjomba akauliza.

"Anasema una sauti nzuri sana, mzee."

"Na hicho kingine?"

Daktari alinitazama mimi kwanza. "Anauliza hayo maneno ni ya lugha gani. Anataka kujua kama ni Kigogo."

Mjomba alicheka pamoja nao. Alicheka vizuri, akampa kila mmoja mkono. Onyesho lenyewe hakutaka kulisubiri. Alisema mgongo unamuuma. Njiani aliniuliza mara moja tu, "Hata neno moja halikuwa sawa?" Nikamwambia mengine yalikuwa sawa. Alijua nadanganya, kwani mimi na Kihispania wapi na wapi.

Baada ya hapo aliacha kuimba. Shangazi alinipigia simu. "Ulimpeleka wapi mjomba wako? Shamba limekuwa kama la watu waliohama."

Nilirudi kwa daktari, akanifundisha maneno ya kweli ya ile bolero na maana yake. Ilikuwa habari ya mtu anayemwomba mpenzi wake asizime taa kabla hajaondoka. Nikaenda Hombolo, nikamkuta mjomba kwenye mizabibu, nikaanza kumsomea taratibu. Alinisikiliza huku mkasi ukiendelea kukata.

"Maneno mazuri," alisema.

"Tujaribu basi, mjomba. Nakutajia, unafuatisha."

Akatikisa kichwa. "Nijifunze nini tena, mpwa wangu? Mimi nilikuwa najua."

Siku hizi anafungulia redio na kuitundika kwenye nguzo ya shamba, taarifa za habari na mahubiri, chochote kinachokuja. Nikimuuliza kama niweke bachata, hunijibu kwa upole kwamba niweke tu. Naweka. Tunapogoa wote wawili mpaka jua linapokuwa kali, na shangazi anatuita tukanywe chai.