Meno Mawili ya Chini

Kama umekuja kucheka, nenda kafue nguo. Haya yamenipata mimi, mchana, jua linawaka Same nzima, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya uji. Nilikuwa na hasira, hilo nakubali. Lakini hasira haimfanyi mtu aone yasiyokuwepo.

Mwanangu Namsifu aliota meno ya juu kabla ya ya chini. Mawili, meupe, mazuri. Kwa daktari si kitu. Kwa mama mkwe wangu, kule Vudee milimani, mtoto wa hivyo ni kigego, na kigego ni mkosi. Unajua zamani walikuwa wanawafanya nini? Waliwapeleka juu ya jabali wakawasukuma. Watoto wachanga! Siku hizi hawasukumwi, ila mama mkwe alipiga simu: "Ubatizo wa Jumapili usubiri mpaka ya chini yatoke. Sitaki watu waone." Mume wangu akasema, "Tumsikilize mama." Tumsikilize! Yaani mwanangu afichwe kama mali ya wizi.

Na mimi kazi yangu ni meno. Nilimaliza kidato cha nne, nikafundishwa kazi kwenye maabara ndogo nyuma ya kliniki ya meno, hapa mjini. Tunatengeneza kofia za kuvalisha jino lililovunjika. Kompyuta inachora, mashine inachonga kutoka kwenye bamba la zirkonia, aina ya kauri, la mviringo kama sahani. Kabla ya kuchomwa ni laini kama chaki, ukilibana vibaya linamomonyoka. Kwa hiyo jino huchongwa kubwa kuliko kipimo, kwa sababu tanurini linasinyaa, ndipo linakuwa gumu kama jiwe. Shika hilo.

Ijumaa ile kifyonza vumbi kilikuwa kimekufa. Unga mweupe ulitanda sakafuni, mezani, mpaka kwenye kope zangu. Upepo wa Same ulikuwa unachezea bati, mashine inanguruma polepole, na kila kitu kilikuwa cheupe kama niko ndani ya ukungu wa mlimani. Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Sikusikia mlango. Alijifunga kaniki kifuani, na ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imechanika. Alinukia moshi na majani mabichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka meno mawili. Ya chini, ya mbele. Ya mtoto."

Aliongea Kipare kile cha bibi zetu. Akaweka mezani donge la nta ya nyuki, limeng'atwa. Upande wa juu alama mbili ndogo, upande wa chini ufizi mtupu. Damu ikanipanda.

"Mama mkwe kakutuma, sivyo? Kamng'atisha mwanangu nta! Kamwambie Namsifu havalishwi meno ya bandia ili majirani wafurahi."

"Hakuna anayenituma siku hizi," akasema. "Huyu ni wa kwangu. Walipokuja kumchukua nilikuwa napika makande. Niliendelea kukoroga."

Nilichukua ile nta, nikaipitisha kwenye skana, nikachora. Mikono ilikwenda yenyewe, kama ya mtu anayeota. Mashine ikachonga, na yeye akatazama unga ukianguka kama mtu anayetazama mvua. Maziwa yakaanza kunitoka, yakalowesha blauzi, na mwanangu yuko nyumbani na dada wa kazi. Niamini.

Nikayatoa yale meno kwenye bamba, nikamwekea kiganjani. Akashtuka.

"Makubwa."

"Yatasinyaa tanurini, mama. Yakitoka yatakuwa ya mtoto."

Akayafumbata. "Basi usiyachome. Amekaa mdogo vya kutosha. Wangemwacha, si angefikia ukubwa huu?"

Nilitaka kumwambia kwamba yasipochomwa hayatafuni kitu, yatakuwa unga. Badala yake niligeuka kuzima mashine. Nilipogeuka tena hapakuwa na mtu, wala nta. Kwenye unga wa sakafuni, upande ule aliosimama, hapakuwa na nyayo hata moja za mtu mzima. Kulikuwa na viganja. Viganja vidogo na magoti, vya mtoto anayetambaa, kutoka mezani mpaka mlangoni.

Nikamwita Mwanaidi wa mapokezi. "Nani kapita hapa?"

"Apite nani? Nimekaa mlangoni tangu chai. Shoga, kanawe uso, umekuwa kama kiazi kilichoangukia unga!" Kisha akaona sakafu. Akaacha kucheka. "Mtoto wa nani huyo?" Hakungoja jibu, alichukua mkoba wake akaondoka.

Jumapili nikapanda Vudee na mwanangu mgongoni, mume nyuma. Mama mkwe alitungoja uani na kanga mkononi, akaja moja kwa moja kumfunika Namsifu mdomo.

"Mama, shikamoo," nikamwambia, "lakini ukimfunika nashuka naye sasa hivi, na hutamwona tena."

"Una mdomo wewe!"

"Ninao. Na leo utausikiliza."

Nikamsimulia yote pale pale, bila kupunguza. Alikuwa anaguna, anatazama pembeni. Nilipotaja sikio akageuka.

"Ndewe ya upande gani?"

"Kushoto."

Akakaa chini, na gauni lake la kanisani, kwenye udongo. "Mama yangu alikuwa hali makande," akasema. "Alitupikia maisha yake yote na hakuonja hata siku moja. Tulidhani ni tumbo."

Namsifu akacheka, meno yote mawili nje. Bibi yake akajifuta uso kwa ile kanga, akambeba mwenyewe mpaka mbele ya mchungaji.

Bosi aliuona mchoro kwenye kompyuta, akaniuliza nani kachonga vitu vidogo hivyo bila oda. Lile bamba ninalo nyumbani, na matundu yake mawili. Namsifu sasa ana mdomo mzima wa meno na anauma watu. Kifyonza vumbi cha maabara kilitengenezwa. Lakini upepo ukivuma mchana, huwa naukuta unga umetanda sakafuni pale kazini, nisijue umetoka wapi, na alama juu yake. Mwanzoni zilikuwa za viganja. Siku hizi ni nyayo. Kila zikija zimekua kidogo.

Sizifuti. Nazipisha.

Na wewe unayechungulia midomo ya watoto wa watu, ukiona wameanza ya juu, sema hongera, basi. Na wewe mama uliye jikoni, ukiwasikia wananong'ona juu ya mwanao, weka mwiko chini. Acha chakula kiungue. Toka nje upige kelele, leo, wakati bado ana mdomo wa kunyonya.