Gumboot ilibaki kwa matope na mimi sikujua: mgongo ukifika hapa, wacha ujuaji

Wakuu, chamgei, hamjambo nyote. Hii yangu haina chumvi, anayetaka hadithi tamu apite uzi mwingine.

Niliacha shule class five. Leo niko na majani chai kilima mzima hapa nje ya Merigi, ng'ombe za grade, na nyumba ya mabati ya rangi ambayo watu husimama kupiga picha. Yote nilijenga na huu mgongo. Kwa hivyo ulipoanza kuuma, niliona ni madharau tu.

Nikautibu mwenyewe. Asubuhi napaka milking jelly, ile ya matiti ya ng'ombe. Jioni bibi yangu, Mama Chebet, ananikanda na maji moto. Ukitulia kidogo narudi buying centre, pale tunapimiwa majani, na gunia mbili, moja kila bega, akina mama wakiangalia.

(Msinionee wivu.)

Maumivu ikashuka mguu wa kushoto kama stima. Nikaongeza jelly.

Siku moja ya mvua nimefika kwa mizani, karani akaanza kucheka.

"Mzee, gumboot ingine umeuza?"

Naangalia chini, soksi! Gumboot ilinasa kwa matope huko nyuma, nimekanyaga kokoto mpaka hapo na sikusikia kitu. Watu walicheka, kupima majani ikasimama. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini, nilie mbele ya karani?

Nyumbani nikakaa kwa stuli. Hapa nitaongea kama mtu mzima: pale unakalia, katikati ya mapaja, kulikuwa kumekufa ganzi. Nikaenda choo. Mkojo imejaa, imekataa kutoka.

Mama Chebet alinisimamia mlangoni.

"Baba Chebet, ng'ombe ikivuta mguu unaita nani?"

"Vet."

"Unangoja?"

"Naita hapo hapo."

"Na wewe unajipaka jelly yake. Ingia kwa gari."

Tulipofika hospitali nilipigwa picha ya mgongo, nikaitiwa specialist wa mgongo, mama wa maneno machache. Akasema disc, ile kama mto kati ya mifupa ya mgongo, imetoka ikafinya neva. "Mzee, ungelala nyumbani leo, pengine huo mguu na huo mkojo haungerudi." Nikapasuliwa siku hiyo hiyo.

Mkojo ilirudi. Mguu pia, ingawa kukiwa na baridi unaburuta kidogo. Gunia siku hizi inabebwa na pikipiki, mimi nabeba mwavuli. Karani ananiita Mzee Soksi. Namwachia, hana kilima.

Sasa shikeni hii. Mgongo wa kazi ukipumzishwa unapoa. Ukikaa wiki kadhaa bila kupoa, onyesha daktari. Lakini mguu ukiisha nguvu, ganzi ikifika pale unakalia, ama mkojo igome, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, na jelly wachia ng'ombe.

Nani mwingine hapa anaficha mguu wa ganzi? Sema bila aibu. Lakini kabla hujaandika, angalia chini kama viatu ziko zote mbili.