Helmeti Juu ya Kofia

Marehemu baba alikuwa mtu wa kofia. Sikumbuki kumwona kichwa wazi ila akitawadha. Watu wetu pale Makole, wajukuu wa wale waliokuja na misafara ya biashara wakalowea, walikuwa hivyo: mwanamume mzima kusimama mbele za watu bila kofia ilikuwa sawa na kusimama bila shati. Desturi hiyo niliipenda, mpaka ilipoingia dukani pamoja nasi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, madukani kumeanza kuonekana vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Baba alikuwa mnunuzi wa karanga, safari zake za Mpwapwa na Gulwe akizifanya kwa kudandia malori. Siku aliyoingia uani na vespa alirudi ujanani. Mama yeye alipoteza usingizi. Akaniambia niende na baba kununua vifaa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mdomo pale nyumbani, na nisithubutu kurudi bila helmeti.

Koti tulilipata kwenye mitumba bila taabu, la ngozi, zito, viwiko vimetiwa viraka, linanuka dawa ya nondo. Glavu tukapata, na miwani ya vumbi. Baba aliniachia nichague, akacheka nilipomfunga zipu mpaka kidevuni. Nilifurahi, ni lazima niseme. Tukaenda kwa muuza vipuri.

Helmeti niliyoichagua ilikuwa ya kukaza, ile ambayo ukiivaa mashavu yanabanwa. Baba akaijaribu juu ya kofia yake ya viua, ikakwama juu ya masikio. Nikamwomba avue kofia aitie mfukoni, ataivaa akifika. Akaniuliza kwa upole kama nataka ashuke mbele ya wenzake wa msikitini, wanamsalimu akiwa kichwa wazi, anapekua mfuko kutafuta kofia iliyokunjika kama leso ya jasho, wakati mama ameitia wanga na kuipiga pasi asubuhi ile ile. Mwenye duka, ambaye naye alikuwa na kofia yake kichwani, akaniambia mzee kama huyu havuliwi kofia. Akashusha helmeti kubwa kuliko zote.

Iliingia bila shida, juu ya kofia yake. Nikaishika nikaitikisa, ikazunguka. Mwenye duka akasema dawa ni mkanda, mkanda ukikazwa haitoki. Nikasema inacheza. Nikasema tena, kwa sauti, waliokaa kwenye benchi nje wakageuka, na baba akanitupia lile jicho. Binti habishani na baba yake mbele za watu. Helmeti ikafungwa kwenye gazeti, tukaondoka nayo.

Aliivaa kila safari, hilo silikatai. Alianguka kwenye mchanga wa korongo, karibu na Gulwe, mchana kweupe, barabara tupu. Waliomwokota walikuwa wakulima wawili wa Kigogo waliokuwa wakitoka shambani, na walikuja mpaka msibani, Mungu awalipe. Mmoja wao, Kiswahili chake cha kutafuta maneno, aliiweka helmeti kwenye mkeka mbele ya kaka yangu.

"Hii tuliikuta mbali na yeye," alisema. "Mkanda wake tulikuta umefungwa hivi hivi."

Kaka alisikia. Nilikuwa mlangoni, nikamwona akisikia. Wale walioosha maiti walisema viwiko vya baba, ndani ya lile koti la ngozi, vilikuwa vizima kabisa. Viwiko.

Kila aliyeingia kutupa pole alisema ajali haina kinga. Walisema wazee, wakasema majirani, akasema na mwenye duka aliyekuja na kilo ya sukari. Sijawahi kuchukia methali kama nilivyoichukia ile. Kinga ilikuwapo. Nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu, wakaniambia niirudishe juu ya rafu.

Baada ya arobaini vespa ilinyooshwa, na kaka akachukua biashara. Mama hakutaka kuiona tena helmeti ile, akaigawa. Basi nikaenda na kaka dukani kule kule, sikusubiri kutumwa. Mwenye duka alitupa pole upya, kisha akasema safari hii zimekuja za kila kipimo. Nikachukua ya kukaza nikampa kaka mkononi. Tangu mazishi alikuwa ameanza kuvaa kofia za baba. Nikamwambia avue. Nikamkumbusha maneno ya yule mkulima.

"Mdogo wangu," alisema, "sasa mimi ndiye ninayekwenda kwa watu wa baba. Niende kichwa wazi?"

Mwenye duka alikuwa ameshapanda kwenye kigoda kuishusha ile kubwa. Nilimwambia kaka, wote wakisikia, kwamba kichwa chake kikipasuka nisiitwe kulia. Ni maneno mabaya, na sijayafuta. Alilipa. Nikaondoka kwa miguu, machozi ya hasira yakinitoka njiani kama mtoto aliyenyimwa.

Nilikuwa karibu kufika nyumbani niliposikia honi nyuma yangu. Kaka alinipita polepole, akageuza uso kunitazama, na helmeti ikabaki imeelekea mbele.