Sweta la Mama Bandani

Kuku hatoki jasho. Naanzia hapo kwa sababu nilipoolewa na kuhamia Rujewa sikulijua hilo, na kwetu Iyunga hakukuwa na haja ya mtu kulijua. Mbeya adui wa kuku ni baridi. Nimelelewa na mama anayeziba matundu ya banda kwa magunia kila jioni, anayewapa kuku maji ya uvuguvugu asubuhi za mwezi wa sita, na anayeamini kwamba upepo ukimpiga kuku mgongoni, huyo si wa kupona.

Kwa hiyo nami Rujewa nikajenga banda la kwetu: tofali hadi juu, kidirisha cha kupitisha mkono, na gunia juu ya kidirisha. Sakafuni nikamwaga pumba za mpunga, nyingi, maana Rujewa pumba hakuna anayekukataza kuzoa. Jirani yangu, mama wa makamo mwenyeji wa hapo Usangu, akachungulia juu ya uzio.

"Kamwene, jirani! Hao kuku unawaoka kwanza ndiyo uwachinje? Sisi huku tunachinja kwanza."

Nikacheka kwa adabu ya mgeni, moyoni nikamwona mchokozi. Mchana huo kuku wangu mmoja akatanua mabawa, akaachama mdomo, akalala kifudifudi kama mlevi wa sikukuu. Hakuamka. Ndipo nikaenda uzioni bila kucheka.

Tulibomoa ukuta wa upande wa kivuli kuanzia kiunoni kwenda juu, tukaweka wavu wa matundu madogo, hewa ipite na kicheche asipite. Juu ya bati tukapanga majani makavu ya mpunga, tukayafunga kwa kamba. Pumba tukazipunguza, maana zikijaa zinatunza joto kama blanketi. Chakula nikakihamishia alfajiri na jioni, kwa sababu kuku aliyeshiba saa sita ana jiko linalowaka tumboni. Mchana ni maji tu, kwenye chungu kivulini, nayo yabadilishwe kabla hayajawa chai. Si kazi ngumu. Ukishazoea kumtazama kuku mdomo, atakwambia mwenyewe anachotaka.

Kisha kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikapita Iyunga. Kikafagia banda lote la mama, asibaki hata wa kuwika. Kuku wake wale wa kijivu aliwarithi kwa mama yake, na mbegu yao ikawa imebaki mahali pamoja tu duniani: kwangu Rujewa, kuku jike mmoja aliyenipa nilipoolewa, naye alikuwa ameanza kulalia mayai. Mama akalipaka banda lake chokaa, akaliacha tupu likae, akapiga simu.

"Nakuja kuwasubiri wajukuu."

Alishuka kwenye gari mwezi wa kumi na moja, jua la Rujewa likiwa linachoma hadi kivuli, amevaa sweta la sufu lenye vifungo hadi kooni. Mkononi ana kiroba cha viazi. Mgongoni ana blanketi.

"Mama, vua sweta."

"Nivue ili nipate nimonia?"

Hakwenda ndani. Alipitiliza bandani, akaona wavu, akashika mdomo. "We mtoto! Ukuta umeula?" Kisha akawaona kuku wa jirani uani, wale wa kishingo, shingo tupu bila unyoya. "Masikini ya Mungu! Nani kawanyonyoa?"

"Wamezaliwa hivyo, dada," jirani akajibu kutoka ng'ambo ya uzio. "Wao wamevaa kulingana na hewa. Sijui wewe."

Mama akafunga kifungo kimoja zaidi.

Kesho yake mchana nikamkuta kuku wa kijivu juu ya mayai amepanua mdomo, koo linamtetemeka. Wavu wote umezibwa kwa magunia, yameshonwa kwa sindano na uzi. Nikayatoa. Nilipoenda kisimani na kurudi, yamerudi. Nikayatoa tena. Yakarudi, safari hii na blanketi juu yake.

Sasa nieleze, maana mtu wa mbali atasema ningemwambia tu mama yangu amekosea. Kwetu humwambii mama mambo ya kuku. Mama ndiye aliyekufundisha kumshika kuku asikurushie mabawa usoni. Tena hakuwa mkaidi bure: alikuwa ameshapoteza banda zima, na mtu aliyeibiwa hufunga hata mlango wa jikoni. Lakini kuku akizidiwa na joto huyakimbia mayai, au hufia juu yake, na mayai yale yakiharibika hakuna mengine. Nililijua hilo, na kila nilipofungua mdomo kulisema, mama aliniuliza kama nimekula.

Nikamfuata jirani uzioni. Tukanong'ona kama wasichana wa bweni. Kisha nikaenda kwa mama na uso wa huzuni.

"Mama, kuku wako hatulii. Nadhani ananishangaa mimi. Ungekaa naye kidogo, labda anakumbuka sauti yako."

Mama akafurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu. Akachukua kigoda, akaingia bandani, akajivutia mlango. Ilikuwa saa saba mchana. Mimi na jirani tukakaa chini ya mpapai tukichambua mchele, macho kwenye mlango.

Mwanzoni tulisikia wimbo wa kanisani. Ubeti wa pili ukapungua nguvu. Wa tatu haukufika mwisho.

Mlango ukafunguka kidogo, likatoka sweta. Peke yake, limerushwa.

"La kwanza hilo," jirani akanong'ona, akajiziba mdomo kwa kanga.

Kikafuata kilemba. Kisha tukasikia uzi unakatika, krr, krr, na magunia yakaanza kuanguka nje moja baada ya jingine, blanketi likaja nyuma yake. Mwisho akatoka mama mwenyewe, uso unang'aa kama chungu kipya, akanitazama kwa ukali.

"Kuku wako anaungua!"

"Kweli, mama?"

"Utajuaje, wewe unachambua mchele! Lete maji. Si ya baridi sana, utamshtua. Umloweshe miguu na kile kilemba chake chekundu cha nyama. Mayai usiyaguse. Na hizi pumba nani kakwambia ujaze hivi?"

Zilikuwa chache, lakini niliitikia, nikapunguza. Kuku akanywa, akanywa tena, akafunga mdomo. Mama akamwaga maji kwenye mchanga wa kivulini nje ya banda, akavuta kigoda, akaweka miguu yake palepale penye ubichi, akabaki hapo hadi jioni. Tangu siku hiyo zamu ya mchana ikawa yake. Alimsimamia hata jirani: "Wewe, maji ya hao wanyonyolewa wako yamepata moto."

Mayai mawili hayakuanguliwa. Yaliyobaki yalianguliwa, na vifaranga walipokauka manyoya, mama alikaa akiwatazama mgongo mmoja mmoja akitafuta ile rangi ya kijivu. Ilikuwepo. Alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Walipopata nguvu na matone ya chanjo, akaondoka nao pamoja na mama yao kwenye tenga. Jioni akapiga simu. Njiani, kwenye mlima wa Inyala, alikuwa ameshavaa sweta, na sasa kuku wamelala, magunia yapo dirishani, kwa sababu Iyunga ni Iyunga.

"Vizuri, mama."

"Na siku nyingine ukitaka kunikalisha bandani, niambie mapema nije na kanga nyepesi. Kuku gani anakumbuka sauti ya mtu?"

Nyuma yake nikasikia kifaranga analia, na mama akakata simu akamwone.