Chumvi ya Watu Wawili

Ulikuwa ule mwaka wa mahindi ya manjano, yaliyotoka ng'ambo, elfu mbili na kitu. Watu walikula ugali wa rangi ya kiini cha yai huku wakilalamika unanuka gunia. Mimi niliyachanganya na maharagwe nikapika githeri kibandani kwangu Dagoretti Corner, na mafundi wakalamba sahani. Shule sikufika mbali, lakini jiko nimelisoma.

Tulipika na mama mmoja aliyekaa mtaa wa Kabiria, mdogo wangu kwa miaka mingi. Mimi nasema kila kitu, hata moshi naugombeza. Yeye alifanya kazi kama hayupo. Ukimuuliza neno, anakujibu kwa kuosha sufuria.

Siku moja alitia chumvi asiseme. Na mimi nikatia. Fundi mmoja akaonja, akaangua kicheko, akanigeukia mimi nyanya yao.

"Shosho, leo githeri iko na chumvi ya watu wawili!"

Kibanda kizima kikacheka. Nikamgeukia yule mama mbele yao. "Wewe ni mtu ama ni ukuta? Huo mdomo ulipewa wa nini?"

Aliinama tu, akaendelea kukata majani ya sukuma.

Kesho yake nilikuta moto umewaka, maharagwe yameiva, hata benchi za wateja zimepanguswa. Nikajiambia, haa, huyu ananionyesha jiko linaweza kwenda bila mimi.

"Kama unataka kuninyang'anya kibanda, sema!"

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake.

Wiki iliyofuata dada yake alikuja kuchukua kisu alichokiacha yule mama.

"Shosho, mama yetu alitulea hivyo," akaniambia. "Ukimkosea mkubwa, humjibu. Unaamka mapema unamfanyia kazi yake. Alikuwa anakuomba msamaha."

"Sasa yuko wapi?"

"Alirudi nyumbani kwetu, magharibi mwa nchi. Hatarudi huku."

Nikakifuta kisu, nikampa. Siku nyingi baadaye bado nilikuwa nikionja mchuzi, kisha nanyoosha kijiko pembeni naye aonje, na pembeni hakuna mtu.

Binti yangu, anayefanya kazi ofisini mjini, akaniletea mwanamke mchangamfu, anaongea kama redio.

"Mama, huyu mtasikizana. Mko sawa kabisa."

"Sitaki mwingine. Nitapika peke yangu."

"Na huo mgongo, mama? Nani atakuinulia sufuria?"

"Sitaki mwingine. Nitapika peke yangu."